Sentensi Moja Kuhusu Wafinyanzi

Jumamosi ile tulikuwa wanawake tisa katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya Kilwa Masoko, tukijitolea kuhariri ensaiklopidia ya mtandaoni. Mvua ilipiga bati mfululizo hata nikajihisi kama ninaota. Makala ya wilaya yetu ilijaa masultani na wafanyabiashara; mwanamke sikumwona. Nikaandika sentensi moja kuhusu akina mama wafinyanzi wa kijijini kwetu, na nilipoandika nilisikia harufu ya udongo mbichi.

Kabla ya adhuhuri, mhariri nisiyemjua alikwishaifuta: haina chanzo.

Nikampigia mama simu.

"Shikamoo, mama. Wameifuta sentensi niliyoandika kuhusu nyinyi wafinyanzi. Wanasema haina chanzo."

"Marahaba. Hicho chanzo ndiyo nini?"

"Kitabu kinachothibitisha."

Akacheka taratibu. "Nafinyanga vyungu tangu sijaolewa. Hakuna aliyekuja kuandika."

Wiki kadhaa baadaye, maktaba moja ya Lindi ilinipa ripoti kuukuu ya watafiti, yenye ukurasa mzima kuhusu wafinyanzi wa kwetu. Nikairudisha sentensi pamoja na chanzo chake, na safari hii haikuguswa. Nikampigia mama tena, nikamsomea.

"Soma tena," akasema, "polepole."