Vipande vya Baba Furaha

Juzi, kwenye soko la vitu vya kale huko Pearland, Marekani, nilinunua kipande cha shaba ambacho mwenye duka mmoja wa huko alijitengenezea zamani, vita vilipozifanya sarafu ziadimike. Ninakusanya vipande vya namna hiyo. Harufu yake mkononi ilinirudisha utotoni, Uvira.

Kwetu nako kulikuwa na vita, na chenji haikupatikana. Baba Furaha, mwenye duka la mtaani, alikata bati, akaligonga alama yake, akawa anatupatia vipande hivyo badala ya chenji; vilipokelewa dukani kwake tu. Alasiri moja milio ilisikika milimani. Nilidhani watu wanapasua mawe. Mama alinivuta mpaka dukani, vipande vikigongana ndani ya kitenge chake. Baba Furaha alikuwa anafunga mizigo. Nilidhani anakwenda kuleta bidhaa.

“Mama Riziki, kaa navyo tu,” alisema. “Nikirudi nitavipokea.”

“Ukirudi hutatukuta.”

Baba Furaha aliuacha mzigo. Kisha akavipokea vipande vyake, akammiminia Mama chumvi yote iliyobaki, bila kupima. Hapo ndipo nilipojua kwamba sisi pia tunakimbia.