Siku Galila Aliposoma Mbele ya Mama Mkwe

Kijijini kwetu, kusini mwa mji wa Minya huko Misri, mtu akigombana na mumewe au akikosa usingizi kwa mawazo, aliambiwa aende kwa Galila. Galila alikuwa na andiko la kila jambo. Kila Alhamisi alasiri aliongoza mkutano wa wanawake kanisani, na mafundisho yake hayakuwa maneno matupu. Mimi mwenyewe nilipatana na dada yangu baada ya kumsikiliza.

Mama mkwe wake, Bi Matilda, alipopooza upande mmoja, alilazwa nyumbani kwa mwanawe mdogo wa kiume, ng'ambo ya ua kutoka kwa Galila. Uuguzi wote ukamwangukia Nargis, mke wa mwana huyo. Nargis ndiye aliyemwogesha, akamgeuza, akamlisha mlenda kwa kijiko. Galila alisema angependa sana kusaidia, ila muda wake alikwisha kumpa Mungu. Sisi wengine tuliona ni sawa, au tulinyamaza.

Jumatano moja asubuhi alipita kumsalimu. Bi Matilda akaomba asomewe chochote. Galila alikuwa na sehemu aliyoiandaa kwa ajili ya mkutano, akaona ndiyo nafasi ya kuifanyia mazoezi. Ilikuwa pale Bwana anapowakemea watu wa dini waliomruhusu mtu kumwambia mamaye kwamba kile ambacho angemsaidia nacho amekwisha kumtolea Mungu, na hivyo hadaiwi tena. Alisoma vizuri, kwa sauti yake ile ya kanisani.

Bi Matilda akacheka kwa upande wa mdomo uliobaki mzima.

"Wajanja hao," alisema. Kisha akauliza: "Na yule mama, mwisho wake alilishwa na nani?"

Galila akatazama kitabu kana kwamba jibu liko mstari wa chini. Bi Matilda hakuwa anamsema. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza habari za jirani, na hilo ndilo lililomchoma Galila. Hapo hapo Nargis akaingia na beseni la maji ya uvuguvugu, mikono imebabuka kwa sabuni.

"Lete, Mama Bishoy," Galila alimwambia Nargis, akimwita kwa jina la mwanawe. "Leo nitamwogesha mimi."

Nargis hakuliachia beseni. "Kesho si una mkutano? Nenda ukajiandae."

"Lete, nakuomba."

"Unajua hata anageuzwa upande gani?"

Hakujua. Alimvuta kwa mkono uliokufa, Bi Matilda akaguna kwa maumivu, maji yakalowesha godoro. Nargis akamsogeza kando kwa bega, akaanza upya. Galila alibaki kushika taulo.

Usiku kucha alitafuta sehemu nyingine ya kufundisha, baadaye aliniambia, na kila aliyoifunua aliona aibu kuifundisha. Alhamisi akasoma ile ile. Alipomaliza akatuambia kwamba miezi yote ile alikuwa analitumia jina la Mungu kumkwepa mama mkwe wake, na kwamba hana la kutufundisha.

Kisha Odet, anayeoka mikate karibu na mfereji, akamwambia Galila taratibu, "Tulijua, Mama Marko. Tulidhani umeshaisoma hiyo, ukaona haikuhusu."

Galila akakaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa shali. Hakuna aliyemfuata kumpa pole. Mimi nilitazama magoti yangu, maana nami nilikuwa miongoni mwa waliojua.

Tangu hapo zamu za asubuhi kwa Bi Matilda zikawa za Galila. Alijifunza namna ya kugeuza, namna ya kupaka mafuta palipochubuka. Mkutano ulihamia kwenye chumba cha Bi Matilda, tukawa tunakunja shuka huku tunasoma. Galila alipomwomba Nargis msamaha, Nargis alimjibu bila kugeuka:

"Mgongo wangu hauponi kwa samahani. Kesho njoo mapema."

Akaenda mapema.

Bi Matilda alifariki wakati wa Kwaresima. Mpaka siku zake za mwisho, maumivu yakimzidi alimwita Nargis, hata kama aliyemshika ni Galila. Galila hakujitetea. Aliweka kijiko chini, akaenda uani kumwita Nargis.