Nilimtembeza Kondoo wa Mama Furaha

Jamani, nimekosa. Nalisema hapa kwa sababu huko kwetu nimeshindwa kulisema.

Ninakaa Cyanzarwe, lakini kazi yangu ni kutunza bustani ya nyumba moja mjini Gisenyi, Rwanda, kando ya ziwa. Nilikulia Karagwe, Tanzania, nikichunga kondoo porini. Kule mnyama anajichagulia majani. Huku mifugo haizururi. Inakaa kiraroni na kula unachoiletea. Tofauti hiyo sikuitilia maanani, mjinga mimi!

Nilikuwa na kondoo wawili: dume wangu, na jike mwenye mimba wa Mama Furaha, mjane wa mtaa wa Mbugangari anayevuka mpaka kila siku kuuza maparachichi Goma, Kongo. Yeye hana uwanja, basi alinipa nimfugie: mtoto wa kwanza wake, wa pili wangu. Ukiacha beseni lake la maparachichi, huyo kondoo ndiye mali yake yote.

Kiangazi hiki majani yalikuwa ya kugombania. Siku hiyo nilikuwa nimepunguza ua wa nyumba ya tajiri wangu, ule wa maua ya pinki na majani membamba, wanauita lorie-roze. Nikaona nitupe ya nini? Nikajaza gunia bila kumwomba mtu. Nyumbani nikayakatakata kwa panga, nikayachanganya na majani ya viazi vitamu. Wangeyaona mazima labda wangeyaacha. Mimi niliwafichia!

Asubuhi dume alikuwa amekufa. Jike amesimama, kichwa chini, anatokwa na mate, anasaga meno. Kondoo akiumwa halii, jamani. Anakutazama tu.

Nikampigia simu veterineri, daktari wa mifugo. Swali lake la kwanza: walikula nini? Moyo wangu ulishajua. Lakini nikawaza lile gunia la wizi, nikamwaza Mama Furaha, nikajibu kwamba ni majani ya viazi tu, kama kawaida. Akasema basi huenda ni tumbo limejaa gesi. Nimtembeze polepole wakati yeye yuko njiani.

Nikamtembeza. Nikazunguka naye uwanja, anayumba, namsukuma, namwomba. Karibu na mlango wa kiraro miguu ya mbele ikakunjika, akaanguka, akatulia. Nilikaa chini nimemshika tumbo, mtoto bado anacheza ndani. Kisha mtoto naye akaacha. Sikuwa na la kufanya!

Veterineri alipofika aliokota kipande cha jani kwenye kihori, akakigeuza mkononi. Hakunifokea. Alisema sumu ya mti ule hushika moyo, na mnyama wa hivyo huachwa atulie kivulini, hasumbuliwi hata kidogo. Hakusema kwamba angepona. Ila kutembea ndiko kulikommaliza.

Mama Furaha alikuja jioni kutoka mpakani, beseni kichwani. Nikamwambia ni ugonjwa. Akanishika bega.

"Bon, ni bahati mubaya. We ni mutu muzuri. Nikipata ingine, ni kwako tu nitaileta."

Hadi leo sijamwambia.

Ndugu unayefuga, usipeleke kiraroni jani usilolijua, sembuse kulikatakata. Na ukiulizwa mnyama amekula nini, sema, hata kama ni aibu. Mwezi huu Mama Furaha ameniletea jike mwingine, bado mdogo. Kila nikiingia na majani anaukimbilia mkono wangu, anakula bila kunusa.