Mbegu za kabla ya mwisho wa dunia

«Maharagi ya mbegu hapana kupika, baba ya batoto!»

«Lakini mama, vita iko kila fasi. Yesu atarudi mbele ya mavuno. Batu ya maombi batakuja leo, ubapikie!»

Pale mtaani kwetu Kimemi, jirani zangu, mume na mke, waligombania kikapu chao cha mwisho cha maharagwe. Tangu vita vifunge shule yetu, ninalima kwa zamu na wanawake wa mtaa, na asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya shamba la mama huyo. Akakikumbatia kikapu.

«Akirudi, anikute ninapanda. Asiporudi, batoto batakula nini?»

Mume akajikuna kisogo. Mimi pia ninamngoja Bwana, lakini sijaona Mkristo anayemngoja bila kula. Tukatoka na mbegu. Mume akatuita kutoka mlangoni:

«Mungoje, nitafute jembe. Pengine atachelewa kidogo.»