Siku Tuliyogawana Zizi la Baba

Baba yangu alikuwa na mtumwa. Nimeanza hivyo kwa sababu nikianza kwa kuzunguka sitafika. Nyumbani kwetu, ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza, ukishuka feri Kamanga, neno hilo halikutamkwa hata mara moja. Wageni wakiuliza yule mwanamume anayechunga ni nani, baba alijibu, "Ni mtoto wetu," nao wakaridhika. Lakini ni mtoto gani huyo asiyepelekwa shule, asiyelipwa, asiyeozeshwa, na ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka kuondoka?

Aliletwa na baba yake mwaka wa njaa, mimi sijazaliwa. Yule mzazi alichukua mahindi, akamwacha mwanawe rehani, akasema mvua zikinyesha atarudi kumkomboa. Mvua zilinyesha. Hakurudi, na baba yangu hakumtafuta. Kijana akakaa na ng'ombe mpaka akawa mzee wa mvi. Alimbeba mgongoni kaka yangu mkubwa, akambeba wa pili, akanibeba na mimi. Sisi hatukumpa shikamoo hata siku moja. Tena kaka mkubwa alipopata kazi ya ofisini mjini, yule mzee ndiye aliyeanza kumwamkia, na kaka akaitikia marahaba bila haya.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Kiseke, na somo langu ni historia. Miaka mingi nimesimama mbele ya watoto wa watu nikiwaeleza biashara ya utumwa, nikichora njia za misafara ubaoni kwa chaki ya rangi. Likizo ikifika nilivuka kwenda nyumbani, nikavua viatu vyenye tope na kumwachia yeye avisafishe. Najisema mwenyewe kabla hajanisema mtu.

Baba alipofariki tulimaliza matanga, kisha tukakaa kugawana. Mashamba hayakuleta maneno. Baba mdogo, aliyekuwa msimamizi wa mirathi, aliyakata mawili kwa kufuata safu ya minyaa, akawapa kaka zangu. Mimi binti sikupata ardhi, na sikushangaa. Kazi ilikuwa kwenye ng'ombe. Kwetu ng'ombe hagawiwi kwa kuhesabiwa tu. Lazima ijulikane ametoka tumbo gani, maana uzao wa ng'ombe wa mahari haupiti njia moja na uzao wa ng'ombe wa kununuliwa mnadani. Baba hakuandika chochote. Aliyejua uzao wote huo alikuwa mtu mmoja tu, yule mchungaji.

Kwa hiyo asubuhi ile alisimama mlangoni mwa zizi, fimbo mkononi, akawatoa mmoja mmoja. "Huyu ni mjukuu wa yule mweusi wa mnadani. Huyu alikuja na mahari ya shangazi yenu." Baba mdogo alisikiliza, akaelekeza: huyu kwa mkubwa, huyu kwa wa pili. Mzee hakukosea hata mara moja.

Kisha akatoka ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe pajani, na nyuma yake wekundu wenzake wanne. Mzee akanyamaza.

Mimi nilijua kwa nini. Nikiwa na miaka kama tisa nilikuwepo zizini siku alipozaliwa bibi yake ng'ombe huyo. Ng'ombe aliyekuwa anazaa alikuwa amehangaika tangu alfajiri, na mchungaji wetu ndiye aliyemvuta ndama kwa mikono yake. Baba alifurahi mno. Akamwambia, "Huyu jike ni wako, na watakaotoka kwake wote ni wako. Hao ndio mahari yako ya kuolea." Tulikuwa watatu tu pale. Miaka ikapita, jike likazaa, uzao wake ukazaa, na baba hakulitaja tena jambo hilo.

"Mbona umenyamaza?" baba mdogo akauliza. "Hawa ni wa nani?"

Mzee akaniangalia. Hakuniomba kitu, aliniangalia tu, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalizie maneno. Mimi nina mdomo, wanaonifahamu watakuambia. Siku ile sikuutumia. Asubuhi kaka mkubwa alikuwa amenidokeza kwamba wale wekundu wangekuwa fungu langu, na nilikuwa nimekwisha kuwapigia hesabu za ada za watoto wangu. Nikainama, nikajitia kubandua mbigili kwenye kitenge.

"Ni wa marehemu," akasema mzee. "Wote ni wa marehemu."

Wakawa wangu.

Zizi lilipobaki tupu, kaka wa pili akasema mchungaji abaki kwake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye malisho. Kaka mkubwa akakataa. Alikuwa na kiwanja Buswelu kinachohitaji mlinzi, na mkubwa ndiye wa kuchagua kwanza. Wakabishana kwa sauti, na mwenyewe amesimama palepale kati yao. Aibu ikanipanda hadi masikioni. Badala ya kusema lile nililopaswa kusema, nikaropoka jingine: "Chukueni wale wekundu wote, mnipe yeye."

Walikubali kabla sijameza mate. Baba mdogo alinisifu kwamba nina huruma kama mama yangu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilivuka na feri jioni ile nikiwa nimekaa kando ya mzee, moyo mweupe, nikijiona nimemkomboa mtu. Tulikuwa karibu kufika Mwanza ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa nimemnunua kwa ng'ombe wake mwenyewe.

Nilimpa chumba, kitanda, blanketi jipya. Nikamwambia kazi zimekwisha, sasa apumzike. Kesho yake niliamka nikakuta uwanja umefagiwa, ndoo zimejaa maji, na viatu vyangu vimepangwa mlangoni vinang'aa. Nikimtengea chakula mezani, alikibeba akaenda kukila jikoni. Nikamkemea. Akasema, "Ndiyo, mwalimu," akaendelea.

Nilivumilia miezi. Kisha asubuhi moja nikamfuata uwanjani, nikasema kwa mkupuo, "Siku baba alipokupa yule ndama, nilisikia. Nilikuwepo, na nilinyamaza makusudi."

"Najua, mwalimu." Hakuacha kufagia.

Nilitaka anitukane. Nilihitaji anitukane. Yeye alifagia mpaka ukutani, akakusanya majani, ndipo akageuka.

"Kuna jambo nataka kukuuliza, usikasirike. Wewe ukifa, nitakwenda kwa yupi? Kwa huyu wako mkubwa, au kwa yule binti?"

Alikuwa amelifikiria hilo kwa muda mrefu, nilimwona usoni. Alitaka kujua mapema ili ajiandae.

"Hutakwenda kwa yeyote," nikamwambia, na machozi yalikuwa yameanza kunitoka. "Utakwenda kwako."

Kisha akauliza kwa upole, kama mgeni anayetaka kuelekezwa njia:

"Wapi?"

Nikamwambia uji wake unapoa. Akaegemeza fagio ukutani, akaenda kuunywa jikoni.