Jumapili Niliyonyamaza Mimbarani, Mbumbuni

Kwa miaka mingi nilikuwa mkalimani wa kanisa letu pale Mbumbuni. Mgeni akija kutoka ng'ambo, mimi mwalimu wa Kiingereza ndiye niliyesimama kando yake mimbarani. Akisema sentensi, naigeuza kwa Kikamba, na kina mama wazee wa safu ya mbele wanaitikia amina. Kazi hiyo niliipenda. Niliiacha Jumapili moja mbele ya watu wote.

Zilikuwa wiki za baada ya uchaguzi. Mshindi wa urais alikuwa ametangazwa, aliyeshindwa amekwenda mahakamani, na majaji hawajaamua. Kwetu watu wengi walikuwa wamempigia kura aliyeshindwa, na sokoni hapakuwa na habari nyingine: kura zimeibwa, mabalozi wa nje wanajua, mbona wamenyamaza? Mzee mmoja wa kanisa, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, aliniambia bila haya, "Mwalimu, hawa wetu hatuwezi kuwaamini. Wacha wazungu waje watuamulie."

"Na jirani akija kukuamulia ni mtoto yupi atakayerithi shamba lako, utakubali?"

Alicheka, akaendelea kunipimia dawa ya kupe.

Mimi nilikuwa nimempigia yule aliyetangazwa mshindi. Aliyejua ni mume wangu peke yake, na alininunia vya kutosha.

Jumapili hiyo tulipata mgeni, mhubiri wa kutoka nchi kubwa ya mbali. Kundi lake lilikuwa limeahidi kutuchimbia kisima kwa mashine, na vigingi vilikuwa vimeshapigwa nyuma ya kanisa. Mtu anayejua tunavyofukua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji atajua tulivyompokea. Kina mama walimtundikia kiondo begani, wazee wakampa fimbo ya kuchongwa.

Alianza vizuri. Alihubiri juu ya yule mwanamke Msamaria na kisima cha Yakobo, nami nikatafsiri kwa moyo wangu wote. Kisha akafunga Biblia, akaegemea mimbari kama mtu aliye kwake.

"Serikali yetu imeshampongeza rais wenu mpya," alisema. "Kwa hiyo jambo hili limekwisha. Waambieni majaji wenu wasimpotezee Mungu wakati. Sisi hupenda kuwachimbia maji marafiki, na marafiki zetu hawabishi."

Alisema huku akitabasamu, akanigeukia. Nikanyamaza.

Alidhani sikusikia. Akarudia polepole, neno kwa neno, jinsi mtu anavyosema na mtoto. Mchungaji wetu akainuka kwenye kiti chake, akaja akaninong'oneza, "Tafsiri, Mwalimu."

"Hilo sitafsiri, Mchungaji. Kesi iko mahakamani."

"Wewe umeitwa hapa uamue kesi? Wewe ni mdomo tu. Tafsiri."

Niliweka maikrofoni juu ya mimbari, nikashuka, nikaenda kukaa karibu na mume wangu. Mchungaji akaichukua maikrofoni, akayatafsiri yote, tena akaongeza kwamba tumshukuru Mungu kwa kutupa rafiki asiyeficha ukweli. Watu wakapiga makofi. Ni wale wale waliokuwa wamelia wiki nzima kwamba wameibiwa. Mzee wa mbegu alisimama ndipo akapiga vizuri, na nyuma yetu mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Ladha iliyonijaa mdomoni ilikuwa kama ya maziwa yaliyolala juani.

Baada ya ibada tulikula chini ya hema, mbuzi na chapati. Mgeni alinifuata na sahani yake mkononi, mpole kabisa.

"Pole, nilisema haraka sana?"

"Nilikuelewa kila neno," nilimjibu. "Lakini mtu wa huku kwetu Makueni akisimama kanisani kwenu awaambie majaji wenu waache kesi ya uchaguzi, mtamfanyaje?"

Akacheka. Hakuwa na dharau, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alicheka kwa sababu jambo lenyewe lilimchekesha kweli. Hakuweza hata kulifikiria. Alinigusa bega, akaenda kupigwa picha penye vigingi.

Siku iliyofuata mzee wa mbegu alikuja hadi lango la shule. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwaitu, mama yetu, jana ulitutetea. Sasa tumejua wewe ni wetu."

"Mimi nilimpigia huyo aliyepongezwa," nikamwambia.

Akauachilia mkono wangu. "Basi ulinyamaza kwa nini?"

"Kwa sababu si kazi ya mgeni kutuambia."

"Na kama angesema wetu ndiye ameshinda?"

"Ningenyamaza vilevile."

Alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa. "Basi wewe una shida, Mwalimu," akasema, akapanda pikipiki yake akaondoka.

Huyo mzee ndiye aliyenikinaisha kuliko mgeni. Mgeni alijua anachotaka. Huyu hakukasirika kwamba tumeamriwa, alikasirika tu kwamba amri haikutoka upande wake, na hata hivyo alisimama akaipigia makofi.

Mchungaji alinitaka nimpigie mgeni simu nimwombe radhi. Nikakataa, na tangu hapo anayeitwa kutafsiri ni kijana mmoja wa Sultan Hamud aliyesomea uhubiri. Majaji walitoa uamuzi wao, watu wakaacha kuuzungumzia. Kisima kilichimbwa, maji yakatoka matamu, na nyumbani kwetu tunayanywa kama wengine. Sitadanganya kwamba nilikwenda mtoni.

Shule zilipofungwa nilikwenda Migwani kwa dada yangu, nikamsimulia yote tukichambua pojo uani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hata huku kwetu," akasema, "wakija na mabati ya kuezeka kanisa wanaweza kututangazia hata chifu, na tutaimba."

Akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya leso. Mimi nilijaribu kucheka naye, nikashindwa.