Barua kwa Niaba ya Bi Saadiya

Saa nne kasoro robo asubuhi. Elieshi Kimaro amefika ukurasa wa hamsini na tisa wa nyaraka za zabuni anazomchapia mfanyabiashara mmoja wa mabomba, wakati binti aliyevaa baibui anaingia bila hodi na kuweka simu yake mezani, palepale mbele ya kibodi.

"Shikamoo. Naomba uniandikie barua ya Kiingereza. Sasa hivi."

"Marahaba. Kaa kwanza, mdogo wangu."

"Sina muda wa kukaa, dada."

Mwenye mabomba, Kasmir, anageuka kwenye stuli yake. "Binti, hapa kuna foleni. Mimi mwenyewe nimekaa mpaka hii stuli imenizoea."

Hakuna anayecheka. Binti, ambaye jina lake ni Anfal, anafungua simu na kumwonesha Elieshi ujumbe. Kaka yake, Muaz, mpishi wa melini, alifariki Jumatatu katika mji wa bandari huko mbali, mashariki ya Asia. Hospitali ya huko inataka barua ya familia, kwa Kiingereza, ikimtaja mtu wa kukabidhiwa mwili. Barua isipofika kabla ofisi haijafungwa, yaani saa sita mchana kwa saa za hapa, mji utamzika wenyewe, kama mtu asiye na ndugu.

"Pole sana," anasema Kasmir, na sauti yake imeshuka. "Dada Elieshi, mwandikie. Ya kwangu itasubiri nusu saa."

Fremu ya Elieshi iko upande wa Kariakoo unaopakana na Gerezani, katikati ya duka la spea na duka la vitambaa. Ndani mna kompyuta moja, printa moja, mashine ya kutolea kopi na stuli mbili. Ana umri wa miaka 47. Alianza kazi hii akiwa na taipureta ya kuazima, akiandika barua za watu wasiokijua Kiingereza lakini wanaotakiwa na ofisi fulani kukiandika.

Siku nzuri anaingiza shilingi elfu thelathini. Kodi ya fremu ni laki tatu kwa mwezi, na binti yake, Nice, yuko kidato cha tano shule ya bweni. Kazi ya Kasmir peke yake ina thamani ya laki moja na themanini. Haiji kila wiki.

"Ukiniuliza maneno ya Kiingereza niliyoyachapa kuliko yote, ni 'on behalf of'," anasema. "Kwa niaba ya. Mwenyekiti wa wapagazi anaandika kwa niaba ya wenzake. Baba anaandika kwa niaba ya mtoto aliyelazwa. Kwenye harusi mtu anashukuru kwa niaba ya familia zote mbili. Yanakaa mwanzo wa sentensi, yanakaa katikati, hayachagui. Lakini nyuma yake lazima lifuate jina la mtu, na huyo mtu mara nyingi hayupo hapa kwenye stuli."

Maneno hayo alijifunza kuyaogopa mwaka 2009. Mwanamume mmoja alimletea maelezo ya barua, akisema ametumwa na shemeji yake mjane. Elieshi aliandika kwamba mjane, kwa niaba yake na ya watoto wake, ameridhia nyumba iuzwe. Mjane alisaini karatasi asiyoielewa. Miezi mitatu baadaye alikuja hapo dukani, vitu vyake vikiwa nje ya nyumba.

"Hakunitukana," anasema Elieshi. "Alinishika mkono tu, akaniuliza, 'Mwanangu, mimi niliyasema haya lini?'"

Tangu siku hiyo ana utaratibu ambao umemkosesha wateja wengi. Haandiki kwa niaba ya mtu yeyote kabla ya kuisikia sauti ya mtu huyo. Na barua ikishakamilika, humsomea kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kabla hajaitia saini.

Ndiyo maana, vidole vikiwa tayari kwenye kibodi, anamuuliza Anfal, "Msemaji wa familia ni nani?"

"Mama yangu. Bi Saadiya. Wewe andika tu kwamba familia inamteua Aristides, ndiye mwenzake kaka kule melini, ampokee na kumpeleka msikitini azikwe hukohuko. Imamu ameshakubali. Meli yao inaondoka Jumamosi."

"Mama anajua kwamba anazikwa huko?"

Anfal anatazama sakafu. "Anajua amefariki. Anadhani analetwa. Ameshaagiza sanda. Dada, kumleta ni milioni kumi na nane, tutazitoa wapi? Na huyo Aristides ni Mkristo wa Bukoba, nitamwelezaje mama? Nitampa karatasi asaini. Kiingereza hakijui."

Elieshi anaondoa mikono kwenye kibodi.

"Barua nitakuandikia. Lakini lazima asikie."

"Utamuua!"

"Na akija kujua baadaye kwamba alisaini mwenyewe?"

Anfal anakaa kwenye stuli na kulia bila sauti. Kasmir anamsogezea chupa yake ya maji. Kisha binti anapiga simu nyumbani, Upanga, na kumpa Elieshi.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye ninayeandika barua ya Muaz."

"Marahaba." Sauti ni nyembamba lakini imenyooka. "Anfal ananificha kitu. Tangu jana haniangalii usoni. Mimi miguu hainishushi ngazi, mwanangu. Uje unisomee mwenyewe. Utakuja?"

Elieshi anaitazama kompyuta, halafu anamtazama Kasmir. Kisanduku cha zabuni kinafungwa saa nane mchana.

"Nakuja, mama."

Anaiandika barua kwa dakika kumi na tano. Printa inapoitoa, anachomoa flashi na kumkabidhi Kasmir. "Kurasa hamsini na tisa ziko humu. Sitaki kukudanganya, sijui nitarudi saa ngapi."

"Nikimpelekea mwingine, hela inakwenda hukohuko."

"Najua."

"Mchaga gani wewe, unaiacha hela!" Kasmir anasema, akijaribu kutabasamu. Anachukua flashi na kutoka.

Bajaji inawafikisha Upanga saa tano na dakika tano. Bi Saadiya, mwenye miaka 71, ameketi sebuleni ghorofa ya tatu, sanda ikiwa imekunjwa kwenye kiti cha pembeni. Elieshi anavua viatu, anapiga magoti karibu na miguu yake iliyovimba, na kuanza kusoma.

"'Mimi, Saadiya, mama mzazi wa Muaz, ninaandika kwa niaba ya familia yetu.'"

"Sawa."

"'Kwa kuwa hatuna uwezo wa kumleta nyumbani, tunaridhia mwanetu azikwe huko alikofia.'"

Chini barabarani gari linapiga honi. Bi Saadiya anamgeukia Anfal, na Anfal anajificha uso kwa mtandio. Elieshi hasomi sentensi inayofuata.

"Haji?" mama anauliza mwishowe.

"Haji, mama."

"Hayo umeyasema wewe?"

"Sijayasema mimi. Wala hujayasema wewe bado. Ukiyakataa, nayafuta."

Bi Saadiya analia, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha binti yake aliyelala mapajani pake. Saa ya ukutani inasogea hadi tano na nusu. Kisha anajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Endelea. Huyo wa kumpokea ni nani?"

"Aristides. Ni Mkristo. Anfal anasema alikaa naye hospitali siku zote tisa alizougua."

"Siku tisa." Anatikisa kichwa polepole. "Andika hivi. Mwambie nimemwachia mwanangu. Na Muaz alazwe kwa ubavu wa kulia, aelekezwe kibla. Hayo ndiyo ninayoyasema mimi."

Elieshi anayaandika kwa mkono chini ya barua, kwa Kiingereza, kisha anamsomea tena kwa Kiswahili. Bi Saadiya anatia saini. Anfal anapiga picha na kuituma. Ni saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

"Sasa usiondoke," anasema mama. "Wakijibu kwa Kizungu, nani ataniambia kilichoandikwa? Hawa watoto wananionea huruma."

"Siondoki mpaka wajibu."

Wanasubiri. Saa sita inafika, inapita. Elieshi anasema kwa sauti ya chini kwamba ameanza kuweka akiba ya kompyuta mpakato ya mitumba, ili awafuate watu kama Bi Saadiya majumbani kwao. Anawafikiria hasa wagonjwa, na wazee walioko ghorofani. Bado ana laki moja tu.

Simu yake inaita. Ni Kasmir, na sauti yake inasikika sebule nzima.

"Mashine ya huyu jamaa imegoma! Rudi sasa hivi, dada yangu, nakupa laki mbili na nusu. Ukifika saa saba kasoro tunawahi. Wamejibu huko?"

"Bado."

"Watajibu hata usipokuwepo!"

Bi Saadiya anamtazama.

"Nimeahidi, Kasmir. Nisamehe sana." Anakata simu na kuiweka sakafuni, kioo kikitazama chini.

Jibu linaingia saa saba na dakika tano. Anfal anasoma mstari wa kwanza, anashindwa, anampa Elieshi. Elieshi anasogea karibu na sikio la mama.

"'Tumepokea barua yenu kabla hatujafunga. Kesho saa tatu asubuhi, mwili wa marehemu Muaz utakabidhiwa kwa bwana Aristides, anayempokea kwa niaba ya mama yake.'"

"Wameandika hivyo? Mama yake?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Nisomee tena."

Elieshi anarudi mstari wa kwanza na kusoma tena, polepole, bila kuruka neno.